Mpini wa mashine yangu ya kahawa ulivyoacha kulia

Miezi mitatu mfululizo mpini wa mashine yangu ya kahawa ulikuwa unalia kama geti la shule. Mama mkwe alishuka kutoka Marangu kuja kutazamwa macho, akalala chumba kilichopakana na jiko, na asubuhi ya kwanza akaniuliza kwa upole kama siku hizi tunafuga bata. Kwa aibu ile nikaanza kuomba ushauri, na mambo yakaharibika kuanzia hapo.

Mashine yenyewe ni ya Kitaliano, ya mtumba. Niliinunua Masaki kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama, wanauza kila kitu mpaka mapazia. Bei sitaji kwa sababu mume wangu naye anasoma. Tuseme ningeongeza kidogo ningepata friji. Kichwa chake, pale kahawa inapotokea, ni bonge la shaba lililopakwa kromu, uzito kama kilo nne. Ni mtindo wa E61, uliotolewa na kampuni ya Faema ya Italia mwaka 1961, ule mwaka wa kupatwa kwa jua kulikoupa jina (kwa Kitaliano ni "eclissi", ndiyo hiyo E). Mpaka leo viwanda vingi vinaunda kichwa cha namna hiyo, na vipuri vyake vinapatikana. Hesabu hiyo niliipiga vizuri. Nyingine zote nilikosea.

Ukipandisha mpini, ndani kunazunguka ekseli fupi yenye nundu. Nundu inasukuma kijiti, kijiti kinafungua maji, na swichi ndogo inawasha pampu. Ukiushusha, presha iliyobaki inatokea kwa chini, unasikia "pshaa". Yaani ni chuma kinasuguana na chuma kwenye maji yanayokaribia kuchemka, kila siku ya Mungu.

Fundi wa friji wa mtaani kwetu aliutazama mpini dakika moja. "Mama, hiyo ni oili ya cherehani tu, matone mawili." Nikamuuliza kama yeye angeikunywa. Akacheka, akaomba nauli. Jirani akasema mafuta ya alizeti, si tunayala? Sawa, tunayala, lakini geuza kikaango chako utazame ile gundi ya kahawia iliyoganda mgongoni. Hayo ndiyo mafuta ya kula yakipigwa moto kila siku. Hapo nilijiona mjanja.

Ujanja ukaishia kwa shemeji. Yeye ana jibu la kila kitu, na siku hiyo jibu lilikuwa mafuta ya mgando. "Shem, si mnawapaka watoto mpaka midomoni? Yana sumu gani?" Nikakosa la kumjibu. Usiku nikafungua nati ya ubavuni, nikachomoa mpini na ekseli yake, nikapaka kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule wakati wa kipupwe. Sikubania mafuta. Nilipaka nundu, nikapaka oringi, vile vipete vya mpira vinavyozuia maji yasivuje, nikapaka na pasipohusika.

Asubuhi kimya kabisa! Mpini ulipanda kama unapanda kwenye hariri. Nikampigia shemeji simu kumshukuru, na simu hiyo naijutia hadi leo. Kikombe cha kwanza kilikuwa na utando unaometameta juu, na harufu, jamani, ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Yale niliyonunua mimi ni yenye manukato. Nikamwaga vikombe kama sita ndipo harufu ikapungua. Siku ya nne mlio ukarudi, maana kwenye joto lile mgando unayeyuka na kuondoka na maji. Nikapaka tena. Baada ya wiki mbili hivi mpini ukawa mgumu, naupandisha kwa mikono miwili, na matone yakaanza kuchuruzika kando ya ekseli. Jumapili moja, wageni wamekaa sebuleni wanasubiri kahawa ya mashine niliyowatangazia tangu kanisani, mpini ukagoma katikati. Haupandi, haushuki. Nikawachemshia chai ya tangawizi na kusema umeme ni mdogo.

Aliyenifumbua macho ni fundi wa breki. Nilikuwa nimepeleka gari gereji kwa mambo mengine kabisa, nikamwonyesha oringi niliyoichomoa: imevimba, laini, imelegea kama maharage yaliyolowekwa. Hata hakuuliza ni ya nini. "Dada, umeigusisha oili. Hata sisi mipira ya breki hatuiweki oili wala grisi ya kawaida, inavimba hivihivi." Nikamwambia ni mafuta ya mgando. "Si yanatokana na petroli hayo?" Mwezi mzima nimezungukwa na washauri, kumbe jibu lilikuwa kwa mtu aliyelala chini ya Noah.

Kinachotakiwa ni grisi ya silikoni, ile iliyoandikwa kwamba inafaa kwa chakula au maji ya kunywa. Kwenye maduka ya vipuri vya magari niliambiwa haipo, au nikapewa nyeusi. Halafu nikajiuliza: nani mwingine ana oringi inayokaa kwenye maji ya kunywa? Muuza vichujio vya maji! Kariakoo, duka la tatu, wanayo kwenye kitubu kidogo, wanapaka oringi za vile vikopo vya vichujio. Elfu kumi na kitu. Alitaka kuniuzia na mtambo wake unaotoa maji matupu kabisa, nikakataa. Boila ya mashine hii inapima kina kwa sindano ya umeme, na maji yasiyo na madini hayapitishi umeme wa kutosha. Mashine inaamini ni tupu na kuendelea kujijaza. Lakini usiipe maji ya kisima chetu pia, yanaacha magadi hata kwenye birika. Mimi natumia ya dumu la dukani.

Oringi mpya nilimwagiza mtu aliyekuwa anatoka Dubai, seti nzima na gasketi ya kichwa, haikufika elfu hamsini.

Kuifunga tena hakuna hadithi: zima, chomoa waya, iache ipoe, funika kromu kwa kitambaa kabla ya kuweka spana malaya. Hadithi iko kwenye gasketi, ule mpira mnene ambao kikombe cha chujio kinabana. Joto lilikuwa limeugeuza soli ya kiatu. Nilijaribu bisibisi, nikajaribu kisu, nikapinda uma wa harusi yetu (uko nyuma ya droo, msimwambie mtu). Ulikuwa unamegeka punje punje na hautoki. Nikakumbuka jinsi babu alivyokuwa anatoa kizibo kilichokatikia ndani ya chupa. Nikachukua skrubu mbili za mbao, nikaziingiza kwenye ule mpira, moja huku na nyingine upande wa pili, kiasi cha kushika tu bila kufika kwenye shaba. Nikashika moja kwa plaizi nikavuta kidogo, nikahamia nyingine, huku na huku, kama kung'oa jino. Ukatoka mzima, "pop!", na mimi nikakaa chini na sufuria mapajani. Juu ya pale ulipokaa kulikuwa na masizi ya kahawa meusi kama lami, ya miaka ya wenyewe wa Masaki. Yalikwanguka kwa mswaki wa zamani.

Sasa aibu yangu kubwa. Nundu ilikuwa kavu, inang'aa kama sahani, na aliyeikausha ni mimi. Kila Jumamosi nilikuwa naweka chujio lisilo na tundu, namimina unga wa kusafishia na kurudisha maji nyuma mara kumi, huku najisifu kwa usafi. Unga ule kazi yake ni kula mafuta ya kahawa, na hauchagui: ukikuta grisi unakula na grisi. Siku hizi Jumamosi naisafisha kwa maji peke yake, unga mara moja kwa mwezi au nikisahau miwili, na mpini ukianza kukwaruza mkononi, hata kabla haujalia, nachomoa ekseli na kupaka. Kiasi cha punje ya mchele kwenye nundu, na oringi zing'ae tu.

Mama mkwe amerudi kliniki mwezi huu, kaniletea kilo mbili za buni za shambani kwake ambazo mwenyewe hanywi, yeye ni wa chai. Amelala mpaka saa mbili. Shemeji kapita jana, kaona kitubu dirishani, akaomba nimgawie kidogo, mlango wake wa stoo unalia. Nikamwambia apake mafuta ya mgando.