Kompresa ilikuwa inatema maji kwenye rangi, hivi ndo nimemaliza

Wadau, nina Peugeot 504 naifufua gereji ya nyumbani hapa Tanga, kila nikipiga rangi inatoa vitobo vidogo vidogo, kumbe ni maji kwenye upepo wa kompresa. Nikabadili thina, nikabadili bunduki ya rangi, nikafunga na chujio la maji pale pale kwenye tenki, wapi! Shida pale upepo bado wa moto, maji yako kama mvuke yanapita tu. Nikafunga bomba la chuma mita 8 ukutani, nikaliinamisha kidogo lirudishe maji kwenye tenki, chujio nikalihamishia mwisho kabisa ambako upepo umeshapoa, na tenki namwaga maji kila jioni. Jana nimepiga boneti nzima, imetoka kama kioo, nimefurahi mno.