Siku moja maishani mwangu: fundi wa nyuma, kutoka Benaco hadi Kayonza

Saa 11 alfajiri, Benaco, wilayani Ngara

Huku magharibi ya nchi jua huchelewa. Saa 12 na nusu bado unahitaji tochi, na mimi nimeamka mapema kwa sababu baiskeli tisa hazikaguliwi kwa pupa. Mimi ndiye fundi wa msafara. Wenzangu wanane wako mbele, mimi naendesha wa mwisho nikiwa na mifuko miwili ya vipuri. Tumetoka Mwanza na leo ni siku ya tano. Tunakwenda Kigali kuupanda mlima wa Kimihurura, wenye barabara ya mawe, uliopandwa kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika.

Kazi ya asubuhi hii ni vioo. Kwetu gari linakupita kulia, kwa hiyo kioo hukaa kulia mwa usukani. Rwanda wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo gari litatupita kushoto. Nalegeza kioo kwa alenki, nakihamisha, nakaza kidogo, namwita mwenye baiskeli apande ajitazame, ndipo namalizia kukaza. Kioo kilichokazwa bila mwenyewe kukaa kitini kitamwonyesha bega lake tu. Tisa kwa mpigo, karibu saa nzima.

Vipuri nilivihamishia kwenye vifuko vya kitambaa jana usiku. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sitaki tyubu zangu zibaki mezani kwa afisa forodha.

Saa 1 na dakika 50 asubuhi, Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda

Mteremko wa kushuka Mto Kagera ni wa kushika breki kwa vipindi, si kuiganda. Malori ya mizigo inayotoka bandari ya Dar yanatupita. Darajani Mwalimu, mzee wetu wa miaka 63, anashuka kwenye baiskeli. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka hapa kwa muda wa siku moja hivi wakikimbilia Benaco, na yeye alikuwa anafundisha Ngara.

"Nilisimama barabarani tangu asubuhi, mstari haukuisha," anasema. Maporomoko yananguruma chini yetu. Hakuna anayemharakisha.

Ng'ambo, maafisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja, kwa hiyo pasi inagongwa mihuri miwili papo hapo. Tunatoka saa 2 na dakika 40, lakini ya Tanzania. Hapa ni saa 1 na dakika 40. Tumepewa saa moja ya bure, na tutaihitaji: mbele kuna kilomita 92 hadi Kayonza, na zinaanza kwa kupanda.

Saa 3 na nusu, saa za Rwanda, kuelekea Nyakarambi

Lami nzuri, migomba kila upande. Waendesha baiskeli za abiria, ambao huku huitwa abanyonzi, wanabeba watu na mikungu ya ndizi kama daladala za baiskeli za Shinyanga. "Komera!" wanatupigia kelele kwenye kilima. Jikaze. Na mtu anajikaza kweli.

Kisha nasikia *ting*. Spoki. Gurudumu la nyuma la Mwalimu linayumba na kugusa breki, na iliyokatika ni ya upande wa friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo. Friwili lazima itoke kwanza. Kifunguzi chake ninacho, spana kubwa ya kukizungusha sina. Niliiacha Mwanza nikikwepa uzito. Lilikuwa kosa, na waliolilipa ni wenzangu waliokaa juani.

Chini ya mti, mita mia mbili mbele, kuna fundi wa abanyonzi. Kiswahili chake kidogo, Kinyarwanda changu ni muraho na murakoze, yaani habari na asante. Anatazama gurudumu, anaingia nyuma ya kibanda, anarudi na spana ndefu kama mkono wangu. Tunaikamata wawili. Friwili inalia, inaachia.

Naweka spoki mpya, yeye anazungusha ringi polepole, ukucha wa kidole gumba ukipita juu ya spoki moja baada ya nyingine. Iliyolegea hulia nene, iliyokaza hulia nyembamba. Ananionyesha mbili nilizozipita. Pesa anasita kuipokea, lakini macho yako kwenye kifuko changu. Anachagua spoki nne za saizi yake na tyubu moja. Murakoze.

Saa 7 mchana, Kibungo

Ndizi, isombe (kisamvu chetu hichohicho) na ikivuguto, mtindi mzito wa baridi. Dada mkunga wa kundi letu anakunywa vikombe vitatu.

Hapa ndipo palipoogopesha kuliko mpakani. Mpakani kila mtu yuko macho. Baada ya kushiba na kupumzika, mwili unakumbuka ulikozaliwa. Tunatoka uani, wawili wa mbele wanakata kushoto kama wako Nyamagana, na lori linakuja.

"Kulia! Kulia!" Napiga kelele hadi koo linauma. Wanarudi. Dereva anapiga honi ndefu na kupita.

Tunasimama. Hatugombani. Tunakubaliana kwamba kuanzia sasa hakuna anayekanyaga pedali baada ya kituo kabla wote tisa hawajasema "kulia" kwa sauti. Tulipaswa kukubaliana hivyo Rusumo.

Saa 10 na nusu jioni, Kayonza

Tumefika tisa.

Saa 2 usiku

Wenzangu wamelala. Nyumbani ni saa 3. Mke wangu alishanipigia kuuliza kama nimekula. Nafuta minyororo, natia mafuta, nabonyeza matairi kumi na nane. Gurudumu la Mwalimu naliacha liwe la mwisho. Nalizungusha, napitisha ukucha, natafuta ile spoki mpya kwa sikio. Nazunguka mara mbili bila kuitambua.