Siku moja maishani mwangu: natengeneza mchezo wa watoto wa kukumbuka picha, nikiwa Mbeya

Saa 12 asubuhi. Mbeya mwezi wa sita baridi haina huruma, lakini huu ndo muda wangu mzuri, nyumba imetulia na hakuna anayenipigia simu, kwahiyo chai mkono mmoja laptopu magotini naanza. Nachotengeneza wengi mnakijua, kadi zimelala kifudifudi, mtoto anafunua mbili, zikifanana zinabaki wazi, zisipofanana zinajifunika tena na yeye akumbuke alipoziona. Unachezwa kwenye brauza tu, hamna cha kupakua, mzazi anafungua linki kwenye simu yake basi mtoto anacheza. Mchezo wenyewe ni wa zamani jamani, Ravensburger ya Ujerumani ilianza kuuza wa kadi za karatasi mwaka 1959, na Wajapani miaka mingi kabla ya hapo walikuwa wanatafuta pea za makombe ya baharini yaliyochorwa ndani.

Saa 1 na nusu niko kwenye kuchanga karata. Hapa nawaomba wanaojifunza programu mnisikilize, kuna njia ya mkato watu wanaipenda, unaiambia kompyuta ipange kadi kwa kubahatisha ipi itangulie ipi ifuate, mstari mmoja umemaliza. Usifanye hivo. Mpangilio unaotoka hauna usawa, kadi nyingi zinabaki karibu na pale zilipoanzia, na mtoto anayecheza kila siku anaishia kukariri sehemu badala ya kukumbuka. Mi natumia njia ya wanatakwimu Fisher na Yates ya mwaka 1938, ambayo Durstenfeld aliiweka vizuri kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964: unaanza kadi ya mwisho, unachagua moja yoyote kati ya zilizobaki (na yenyewe imo), unazibadilisha nafasi, unarudi nyuma moja, hivohivo mpaka mwanzo. Mistari haizidi kumi. Kadi 12 tu zenye pea 6 zina mipangilio zaidi ya milioni 7, ukifika kadi 16 unaongelea bilioni 81 na ushee, sasa kwanini umnyime mtoto utamu wote huo kwa uvivu wa mstari mmoja!

Saa 4 napanda daladala Kabwe naenda Uyole, kuna mwalimu wa chekechea ananiruhusu nikae na watoto wake kipindi cha michezo. "Shikamoo antiii!" darasa zima. Marahaba wanangu. Natoa tableti, wanakaa wawiliwawili. Hii ndo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, maana mtoto wa miaka mitano hakufichi kitu. Wanagusa kwa mikono miwili, yaani kadi ya pili haijamaliza kugeuka kidole kingine kiko kwenye ya tatu, na ndo maana kwenye programu kadi mbili zikiwa wazi nyingine zote zinafungwa mpaka zile zijifunike. Afu kuna binti mmoja kafunua picha ya kimondo cha Mbozi, kaitazama, kasema kwa sauti "kiazi!", kaenda moja kwa moja mpaka kwenye kadi ya kiazi aliyoiona mwanzo, kaigusa, zikajifunika zote mbili. Kanitazama mimi. Akarudia, zikajifunika tena. Kwa macho yake yuko sahihi kabisa, vyote vya kahawia, vyote vina mabonde, na kwenye skrini ndogo hata mimi ningebisha.

"Mwanangu huyo ana haki," mwalimu kaniambia, "hapa kiazi anakiona kila siku, jiwe hilo hajawahi kuliona." Tukakubaliana kimondo kikae ngazi ya wakubwa pamoja na picha zingine za kufanana, wadogo wabaki na kiazi, parachichi, ndizi, bajaji, treni ya TAZARA na kipunji. Kipunji sikubali atoke, kima wetu wa misitu ya Rungwe ambaye wanasayansi wamekuja kumjua mwaka 2003 tu, mtoto wa huku amjue mapema.

Saa 8 mchana nimerudi, nimekula wali maharage, nachora. Picha zangu ni SVG, yaani ni maandishi ya mistari na rangi, kwahiyo ni nyepesi na hazili bando la mzazi. Zote zinaingia kabla kitufe cha Anza hakijatokea, maana intaneti ikiwa nzito kadi inaweza kufunuka ikiwa nyeupe tupu, na mtoto anaichukulia nyeupe kuwa ndo picha, anaanza kuitafutia mwenzake. Hicho kitufe kina kazi nyingine pia, brauza nyingi hazitoi sauti mpaka mtu aguse skrini, na mi nataka kila pea ikipatikana simu itamke "parachichi!" au "bajaji!".

Saa 11 jioni nahangaika na muda wa kadi kukaa wazi. Sekunde moja mtu mzima inamtosha, ila leo nimeona wadogo wanahitaji kutaja jina la picha kwanza ndo waishike kichwani, kwahiyo nimeweka sekunde mbili. Saa ya kuhesabu dakika nimekataa kuiweka. Kuna watu wananishauri niiweke eti inachangamsha, mi naona mtoto akikimbizwa anabonyeza ovyo tu, hakumbuki chochote.

Saa 2 usiku nazima data nafungua tena. Inafunguka, maana brauza imeshahifadhi mafaili yote kwenye simu toka mara ya kwanza. Namtumia mwalimu linki mpya WhatsApp, anajibu hapohapo: watoto wanauliza ng'ombe yuko wapi. Kweli, ng'ombe sina. Nafungua ukurasa mpya naanza na pembe.