Fizikia ya tiba huanzia kwenye barometa: kwa wanaoingia L1 (mwaka wa kwanza wa chuo kikuu) Bukavu

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka tu, swali linarudi: anayetaka kuwa mwanafizikia wa tiba ajiandikishe udaktari au fizikia? Fizikia. Daktari akimwandikia mgonjwa wa saratani grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kazi ya mwanafizikia ni kuhakikisha kwamba uvimbe unapokea grei 2 kweli, si 1.8 wala 2.3. Njia inayopendekezwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (AIEA) ni ndefu: lisansi ya fizikia, masta ya fizikia ya tiba, halafu mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka 2 chini ya mtu mzoefu. Kwa mfumo wetu wa LMD (lisansi, masta, udaktari wa falsafa) hiyo ni miaka 3 + 2 + 2. Mwenye haraka atafute kazi nyingine.

Waliotoka mchepuo wa Math-Physique sekondari hufika wakidhani wameshamaliza, na wa Bio-Chimie hufika na hofu. Wote hukwama mahali pamoja: kwenye masahihisho ya vipimo, yale ambayo silabusi huyapa nusu ukurasa.

Chukua chemba ya ayoni aina ya Farmer, kifaa cha kila siku cha kupimia dozi ya mashine ya tiba ya mionzi. Ndani yake mna hewa ya sentimita za ujazo 0.6 tu, na hewa hiyo inawasiliana na hewa ya nje. Mionzi ikipita, molekuli zinavunjika kuwa ayoni, chaji inakusanywa, tunaisoma kwa nanokulombu, kizio cha chaji. Cheti cha chemba kwa kawaida kimetolewa kwa hali ya nyuzi 20 na kilopaskali 101.325, yaani usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na barometa hapa inasoma karibu kilopaskali 85. Hewa ni nyepesi, molekuli ndani ya chemba ni chache, na chaji inatoka ndogo ingawa mionzi ni ileile. Kwa hiyo usomaji unazidishwa kwa kirekebishi hiki:

k = (273.15 + T) / 293.15 × 101.325 / P

T ni joto la hewa, P ni kanieneo lake. Weka T nyuzi 22 na P kilopaskali 85.0: k ni 1.20. Asilimia 20 nzima! Mwenzako wa Matadi, karibu na usawa wa bahari, akisahau kirekebishi hiki atakosea kidogo tu. Wewe huku Kivu utamuumiza mtu.

Mtego wenyewe uko kwenye simu. Programu za hali ya hewa zikikuandikia hektopaskali 1015 (kilopaskali 101.5) kwa Bukavu, hilo si kanieneo la chumba ulimo. Ni lile lililokwisha kuhesabiwa kana kwamba mji uko baharini, ili ramani za hali ya hewa zilingane. Ukiliingiza kwenye fomula, k inakuwa karibu 1.00. Hapo unaamini mashine inatoa kidogo kuliko inavyotoa, unaongeza muda, na grei 2 inakuwa karibu 2.4. Kwa vikao 25, mgonjwa aliyeandikiwa grei 50 anabeba karibu 60. Ngozi itaonyesha, lakini itakuwa imechelewa.

Hili unaweza kulijaribu bila hospitali. Simu nyingi zina kihisi chao cha kanieneo; tafuta programu inayosoma kihisi chenyewe, si utabiri. Soma ukiwa kando ya ziwa, Muhumba, kisha panda kuelekea Kadutu. Kila mita 100 za kupanda, namba inashuka karibu kilopaskali 1. Andika usomaji mbichi kwanza, ndipo uhesabu. Daftari lenye majibu yaliyosahihishwa peke yake halimsaidii anayetafuta kosa.

Kosa la pili ni la kobalti-60, chanzo cha mionzi cha baadhi ya mashine za tiba. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nguvu yake kupungua nusu, ni miaka 5.27, kwa hiyo chanzo kinapungua karibu asilimia 1.1 kwa mwezi. Jedwali la muda wa tiba lisiporekebishwa miezi 6, dozi inapungua zaidi ya asilimia 6. Kinyume chake pia kimetokea: Columbus, Ohio, Marekani, kati ya 1974 na 1976, mchoro wa kupungua kwa kobalti ulichorwa vibaya, chanzo kikadhaniwa dhaifu kuliko kilivyo, na kwa miezi mingi hakuna aliyepima. Mamia ya wagonjwa walipewa dozi iliyozidi. Tofauti kati ya mstari ulionyooka na mkunjo wa kipeo (exponentielle) ni somo la L1, lile watu wanalopita kwa 10 juu ya 20 na kulisahau.

Kwa hiyo takwimu na fizikia ya nyuklia usizipite kwa kubahatisha. Jifunze Python kiasi cha kuchora mkunjo huo mwenyewe. Anatomia, keti na rafiki wa udaktari mbele ya picha za skana mpaka uweze kuonyesha figo na uti wa mgongo bila kuuliza. Masta itakufundisha zilizobaki.

Mapema kuliko unavyodhani, shughulikia Kiingereza. Masta ya fizikia ya tiba ya ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) na Chuo Kikuu cha Trieste, Italia, ambayo huvuta wanafunzi wa nchi zinazoendelea, inafundishwa kwa Kiingereza: mwaka wa kwanza darasani, wa pili hospitalini. Kusoma peke yake hakutoshi, utaulizwa na utajibu kwa mdomo. Na relevé (hati za alama) za kila mwaka zichukue mwaka uleule, zikiwa na sahihi na muhuri. Kuzisaka zote tatu wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, huku katibu yuko safarini, kumewakosesha nafasi watu wenye alama nzuri.