Kipimo Ambacho Kingetangulia

Hatimaye, baada ya mimi na mke wangu kutafuta mtoto bila kufanikiwa, nimeambiwa ninachougua: varikoseli, yaani kutanuka kwa vena zinazorudisha damu kutoka kwenye korodani. Daktari alinisimamisha, akaniambia nibane pumzi na kujikamua, na hapo vidole vyake vikagusa, juu ya korodani ya kushoto, mishipa laini iliyojisokota, ambayo nilipolala ilinywea. Mara nyingi tatizo hili huwa kushoto, kwa kuwa vena ya upande huo ni ndefu na huingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, hivyo valvu zake, yaani vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma, zikilegea damu hurudi chini na kutuama. Korodani, ambazo huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, hupata joto, na mbegu hupungua idadi na mwendo. Zangu hazifiki milioni 16 kwa mililita, kiwango cha chini cha rejea katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021.

Wanaume wapatao 15 katika kila 100 wana hali hii, na wengi wao huzaa bila shida.

Kinachoniuma ni mke wangu. Amepigwa picha ya mirija ya uzazi kwa dawa iliyomliza, amekunywa mizizi michungu, amevumilia maneno ya mawifi, ilhali kipimo changu cha mbegu kilihitaji kikopo kidogo tu na kujizuia kutoa mbegu siku 2 hadi 7. Kwa nini hakuna aliyeanza na mimi? Baba mdogo, kwa nia njema, ananihimiza nitumie dawa ya ngiri. Nimemweleza kwa heshima kwamba ngiri ni utumbo uliochomoza, busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, na hili langu ni la vena.

Nimekubali upasuaji. Vena zitafungwa kwa msaada wa hadubini kupitia mkato mdogo kinenani, huku ateri, yaani mishipa inayopeleka damu, na mishipa ya limfu, inayoondoa majimaji ya mwili, ikiachwa salama, maana limfu ikizibwa busha laweza kufuata. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, kwa hiyo nitapimwa tena baada ya miezi 3, na daktari hakutuahidi mimba. Kabla ya hapo, Jumapili hii, nitawasomea mama na dada zangu majibu yangu mwenyewe, mke wangu akiwa ameketi kando yangu.