Kizunguzungu Baada ya Kupandikizwa Kifaa cha Usikivu

Mtu akikushauri ulale tu hadi kizunguzungu kiishe, usimsikilize, kwa maana ushauri huo ulinipotezea wiki mbili nzima. Nilipandikizwa kifaa cha usikivu sikio la kulia jijini Dar es Salaam, nauli na malazi vikameza thamani ya mbuzi wanne hivi, nikarudi Dodoma nikiyumba kama aliyelewa wanzuki. Jirani yangu hapa Nkuhungu, ambaye hajawahi kupasuliwa hata jipu, akaniambia, "Mwalimu, lala usijitikise." Nikatii.

Asubuhi moja nikafumba macho bafuni ili nisuuze povu usoni. Koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti na ambamo nyaya za kifaa huingizwa, imeungana na sehemu nyingine za sikio hilo zinazouweka mwili sawa, na upasuaji huweza kuzivuruga. Kwa hiyo siku zile nilikuwa nikisimama kwa msaada wa macho na nyayo, na hapo nilikuwa nimeyafumba macho juu ya sakafu yenye utelezi. Nilikalia ndoo. Nasema nilikalia, lakini kwa kweli nilizama ndani yake hadi magoti yakanigusa kidevu, ikabidi mke wangu na kijana wa jirani waivute, mmoja wao akicheka bila kuficha. Tangu hapo hunawa uso huku kidole kimoja kikigusa ukuta, na kidole hicho kinatosha.

Kilichonisaidia ni zoezi nililofundishwa kliniki: kukazia macho kitu kimoja huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia, polepole. Nilichagua tarehe 17 kwenye kalenda ya ukutani. Mwanzoni tarakimu zilicheza ngoma na tumbo likachafuka. Baada ya majuma kadhaa zikatulia. Gizani bado natembea na tochi.

Kifaa kiliwashwa mwezi mmoja hivi baada ya upasuaji, na sauti ya mke wangu ikaja kama redio iliyokosa stesheni. Usikivu kidogo uliokuwa umesalia sikio lile ulikwisha, jambo ambalo daktari alinionya mapema. Upepo wa Dodoma nao hunguruma kwenye maikrofoni hadi nigeuke. Kila jioni mjukuu alinisomea kitabu chake cha darasa la tatu nami nikifuata mistari kwa kidole, mpaka mwezi wa tatu tangu kifaa kiwashwe aliporuka mstari kwa makusudi, kitabu kikiwa mikononi mwake, nikamrudisha kwenye mstari huo kwa kusikia tu.