Saa 72 nilizozijua nusu

Kondomu ilipasuka Ijumaa, kwenye saa 5 usiku. Mimi na yule mwanaume tulikuwa na miezi miwili tangu tuanzane, na hatukuwa tumepima. Tulikuwa tunasogeza siku: mara yeye ana safari, mara mimi nina bibi harusi wa kusuka.

Nilichowaza usiku ule ni mimba tu. Nina miaka 34, nimeachika, nina mtoto mmoja ninayemsomesha kwa kazi ya kusuka hapa Mwanza. Asubuhi kabla sijafungua saluni nikapita duka la dawa kununua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Wateja wangu karibu wote wanajua kuwa P2 inamezwa ndani ya saa 72. Binti wa dukani akanipa, akanipa na maji, halafu akasogea karibu na dirisha la kaunta.

"Dada, samahani. Huyo kaka unajua afya yake?"

Nikanyamaza.

"Basi usiishie hapa. P2 ni ya mimba peke yake. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, nazo mwisho wake ni saa 72, ila kila ukiwahi ndiyo bora. Nenda hospitali leo."

Namba ni ileile, na miaka yote nilikuwa naijua nusu yake.

Zahanati ya kwanza niliambiwa mhudumu wa CTC, kliniki ya virusi vya Ukimwi, haingii Jumamosi, nirudi Jumatatu. Nilitoka pale nikiwa nimepata nafuu, na hilo linanitisha mpaka leo. Aibu ilikuwa imenishika kiasi kwamba kuambiwa rudi kesho kutwa kulinifurahisha. Nikaenda saluni, nikasuka kichwa kimoja, mikono inatetemeka. Mchana nikaanza kuhesabu kwa vidole. Jumatatu saa 3 asubuhi ingekuwa saa ya 58. Bado ningekuwa ndani ya muda, lakini foleni ikiwa ndefu, au mhudumu akiwa hayupo tena? Na virusi havisubiri Jumatatu. Dawa zile kazi yake ni kuvizuia visizaliane kabla havijajichimbia mwilini, kwa hiyo kila saa inayopita inavipa nafasi.

Jioni nikafunga mapema, nikaenda hospitali kubwa, upande wa dharura. Nilimkuta muuguzi mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una shida gani?"

Nilitaka kusema tumbo. Nikasema kondomu imepasuka. Hakuniuliza nimeolewa au la, wala mwanaume ni nani. Aliuliza, "Saa ngapi zimepita?" Nikamwambia. Akaandika.

Alinitoboa kidole cha pete, akafuta tone la kwanza na pamba, la pili akalivuta na kuliweka kwenye kile kibao kidogo cha kipimo, akadondoshea dawa yake. Rangi nyekundu ilipanda polepole, ukatokea mstari mmoja. Nikashusha pumzi. Akaniwahi: kipimo hiki hakisemi chochote kuhusu jana. Kinaonyesha nilivyokuwa kabla, maana kama tayari ningekuwa na virusi, ningehitaji kuanza matibabu kamili, siyo dawa za kinga za mwezi mmoja. Alinipima pia kaswende, homa ya ini na mimba, akachukua damu ya kuangalia figo. Homa ya ini ilikuwa hasi, akanishauri nianze chanjo yake, dozi tatu ndani ya miezi sita. Niliilipia, na sijutii ile pesa.

Kidonge cha kwanza nilikimeza pale pale, saa 2 usiku. Ilikuwa saa ya 21.

Siku 28, kidonge kimoja kila siku, bila kuruka. Kichupa kilikuwa kinacheza, ukitembea nacho kwenye mkoba watu wanasikia chakacha-chakacha, na kwenye saluni kila mtu anajua mlio ule. Nikajaza pamba juu ya vidonge, kikanyamaza. Wiki ya kwanza kichefuchefu kilinisumbua na usingizi ukanikimbia, nikilala naota ndoto nzito. Niliporudi kuuliza, wakaniambia nihamishie asubuhi, na usingizi ukarudi. Wakaniuliza pia kama natumia dawa ya kiungulia. Kumbe nilikuwa nazitafuna karibu kila siku pamoja na kile kidonge, na zinaizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Kidonge kimezwe saa mbili kabla yake, au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu navyo ni vya kuulizia.

Mwanaume nilimwambia siku ya tatu. Muuguzi alikuwa amenieleza kwamba akija akapimwa na kukutwa hana virusi, huenda nikaambiwa niache dawa. Alikasirika, akasema namtuhumu. Sikumbembeleza. Niliendelea kumeza.

Siku ya tisa nikaanza kuwashwa na kutokwa na uchafu mweupe. Usiku ule sikulala. Kisonono, klamidia, zote nilizipitia kichwani. Rafiki yangu akaniambia ninunue azuma, dawa ya kuua bakteria, nimeze yote kwa mpigo, niachane na maswali. Nilikuwa nimeshafika dukani na hela mkononi, nikageuza, nikaenda kliniki. Wakachukua majimaji kwa kijiti cha pamba, wakayaangalia kwenye darubini: fangasi. Azuma haiui fangasi, na dawa za kuua bakteria zinaweza kuwaongeza. Daktari akaniambia na upande wa pili: mwanamke anaweza kukaa na kisonono au klamidia asione dalili yoyote, kwa hiyo kutowashwa nako si cheti cha uzima. Kaswende nayo inaweza kuleta kidonda kisichouma, kikapona chenyewe, na ugonjwa ukabaki ndani.

Rafiki yuleyule aliniletea Jipime, kile kipimo cha virusi vya Ukimwi cha kujipima mwenyewe kwa mate. Namshukuru, lakini niliiweka kabatini. Kinachotafutwa mle ni kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mwili unaweza kuchukua mpaka miezi mitatu kuzitengeneza. Ningepima wiki ya pili ningepata jibu la kunifurahisha bure, au la kunivuruga bure.

Kilichonituliza ni tarehe. Nilizifungulia ukurasa wa nyuma kwenye daftari la miadi ya wateja: siku ya kidonge cha mwisho, wiki ya sita ya kurudia vipimo, mwezi wa tatu wa kumalizia. Hofu ikinijia usiku nafungua ukurasa ule, naona leo hakuna cha kupima, nalala. Miezi yote ile niliishi kama mtu asiyejua hali yake: hakuna ngono bila kondomu, hakuna kuchangia damu.

Wiki ya sita, hasi. Mwezi wa tatu nilimkuta muuguzi yuleyule. Mstari mmoja. Nilimwomba arudie kusema, akarudia, akaniambia na kaswende hakuna. Nililia pale kwenye kiti, akanisubiri nimalize ndipo akamwita mwingine.

Juzi binti mmoja ninayemsuka aliinama sikioni kwangu, kichwa nusu kimesukwa, akaniuliza P2 inauzwa shilingi ngapi. Nikaweka chanuo chini.

"Saa ngapi zimepita, mdogo wangu?"

Akahesabu kwa vidole. Kumi na tisa. Nikamfunga kitambaa kichwani, nikamwachia msaidizi wangu saluni, tukapanda daladala.